Msimbo Mmoja, Ratiba Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Firefox na Thunderbird cha Julai 2005

Tarehe 12 Julai 2005 Taasisi ya Mozilla ilitoa Firefox 1.0.5, toleo dogo la kivinjari chake ambalo kazi yake ilikuwa kuziba kasoro za usalama zilizogunduliwa tangu 1.0.4 ya mwezi Mei. Thunderbird, programu ya baruapepe ya taasisi hiyo hiyo, ikafuata mara moja kwa nambari ile ile. Haukupita muda ikabainika kwamba mabadiliko yaliyoingizwa katika msimbo wa pamoja yalikuwa yamevuruga violesura, yaani milango ambayo programu moja huitumia kuiagiza nyingine, ambavyo baadhi ya viendelezi (programu ndogo za kuongezea kivinjari uwezo) na programu za wavuti zilikuwa zikivitegemea. Matoleo ya lugha nyingine ambayo yalikuwa bado hayajatoka yakasimamishwa, na wiki moja tu baadaye ikalazimu kutoa Firefox 1.0.6 na Thunderbird 1.0.6, ambazo lengo lake kuu lilikuwa kurudisha utangamano uliopotea. Mozilla Suite, programu kongwe iliyobeba kivinjari na baruapepe kwa pamoja, nayo ikafikishwa 1.7.10 mnamo tarehe 21 Julai.

Ukikitazama kwa haraka, hiki ni kisa kidogo: wiki moja ya usumbufu, kisha mambo yakatengemaa. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha, kwa uwazi ambao hupatikana kwa nadra, namna sehemu za pamoja zinavyounganisha ratiba za programu ambazo kwa nje zinaonekana kujitegemea, na namna mzigo wa ucheleweshaji unavyowaangukia wale wasio na sauti katika kupanga tarehe.

Asili ya jambo inarudi nyuma hadi tarehe 31 Machi 1998, siku ambayo Netscape iliweka hadharani msimbo wa kivinjari chake. Miezi michache baadaye wahandisi waliamua kuiacha injini ya zamani ya kuchora kurasa na kuanza upya na ile iliyokuja kuitwa Gecko. Uamuzi huo uligharimu miaka; Mozilla 1.0 haikutoka hadi tarehe 5 Juni 2002. Kilichopatikana baada ya subira hiyo ndefu kilikuwa kikubwa kuliko kivinjari. Kulikuwa na Gecko ya kuchora kurasa, Necko ya kushughulikia mawasiliano ya mtandao, NSS ya usimbaji fiche na vyeti vya usalama, XPCOM ya kuunganisha vipande vya programu, na XUL, lugha ya kuelezea menyu, vitufe na madirisha. Programu ya baruapepe ilijengwa juu ya vitu hivyo hivyo. Barua yenye rangi na picha huchorwa na Gecko, muunganisho salama na seva ya barua hupitia NSS, na dirisha lenye orodha ya barua limeandikwa kwa XUL. Kwa hiyo mtu aliyefungua Thunderbird mwaka 2005 alikuwa amewasha karibu mwili mzima wa kivinjari, hata kama hakukusudia kutembelea tovuti yoyote.

Mwezi Aprili 2003 mradi ulitangaza mwelekeo mpya, kwamba ile programu moja kubwa itagawanywa, kivinjari kiwe peke yake na baruapepe iwe peke yake. Mpango wa awali ulizungumzia mazingira ya pamoja ya kuendeshea Gecko ambayo yangesakinishwa mara moja kwenye kompyuta na kutumiwa na kila programu. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Katika utekelezaji, Firefox na Thunderbird zilitoka kila moja ikiwa na nakala yake ya injini ndani ya kisakinishi chake, kwa sababu hakuna aliyeweza kuahidi kwamba injini iliyofaa kivinjari wiki hii ingeifaa baruapepe wiki ijayo. Nauelewa uamuzi huo, na sidhani kwamba ulikuwa wa kizembe. Hata hivyo uliacha hali ya nusu kwa nusu: wahandisi walishiriki msimbo, lakini watumiaji hawakushiriki chochote. Kasoro moja ndani ya Gecko ilihitaji kuzibwa mara moja kwenye msimbo, kisha kupimwa, kufungashwa, kutafsiriwa na kupakuliwa mara tatu kwa majina matatu.

Mambo yalizidi kuwa magumu kwa sababu ya matawi, yaani nakala za msimbo zinazoendelezwa sambamba. Firefox 1.0, iliyotoka tarehe 9 Novemba 2004, na Thunderbird 1.0, iliyotoka tarehe 7 Desemba mwaka huo huo, zilijengwa kwenye tawi lililopewa jina la Aviary, ambalo lilichipuka kutoka mfululizo wa Mozilla 1.7. Mozilla Suite yenyewe ilibaki kwenye tawi la 1.7. Shina kuu, wakati huo huo, lilikuwa likisonga mbele kuelekea Gecko 1.8. Mhandisi aliyepata dawa ya kasoro ya usalama alipaswa kuiandika dhidi ya shina, kuirudisha kwenye Aviary, na kuirudisha kwenye 1.7, huku akikumbuka kwamba katika kila tawi msimbo unaozunguka dawa hiyo ulikuwa umeachana kidogo na wenzake. Kazi ya namna hii haionekani kwa mtumiaji, wala haina sifa kwa anayeifanya, lakini ndiko siku nyingi za ratiba huishia.

Mojawapo ya kasoro zilizozibwa Julai inastahili kutazamwa kwa karibu. Tangazo la usalama la Mozilla lenye namba 2005-56 linaeleza tatizo la vitu vya msingi vya JavaScript ambavyo havikunakiliwa ipasavyo, kiasi kwamba hati ya programu (script) iliyo ndani ya ukurasa wa wavuti iliweza kupanda mnyororo wa urithi wa vitu hivyo mpaka ikafikia kitu chenye mamlaka ya programu yenyewe. Aliyefika hapo angeweza kuendesha msimbo wake kwenye kompyuta ya mtumiaji. Hii ni kasoro ya mpakani, pale ambapo ukurasa usioaminika unakutana na programu inayoaminika, na kasoro ya mpakani huzibwa kwa kubadilisha kanuni za mpaka wenyewe. Viendelezi vya enzi hizo viliishi mpakani humo humo: viliandikwa kwa XUL na JavaScript, vilikuwa na mamlaka yote ya kivinjari, na mara nyingi vilishika vitu vya ukurasa kwa mkono mmoja na vitu vya programu kwa mkono wa pili. Marekebisho ya eneo kama hilo hayawezi kupimwa kwa kuangalia tu kama kurasa zinafunguka. Yanahitaji kupimwa na viendelezi ambavyo watu wanavitumia kila siku, na upimaji huo unahitaji siku, wakati siri ya kasoro inazidi kuvuja kila siku inayopita.

Mozilla ilikuwa na utaratibu wa kuonyesha ni violesura vipi vinaweza kutegemewa. Katika mafaili ya IDL, yanayoeleza violesura vya XPCOM, baadhi yaliwekewa alama kwamba yamegandishwa na hayatabadilika. Mengine yaliwekewa alama kwamba bado yanachunguzwa, na mengi hayakuwa na alama yoyote. Violesura vilivyogandishwa vilikuwa vichache mno kwa mtu anayetaka kuandika kiendelezi chenye manufaa. Kwa hiyo waandishi wa viendelezi walitumia chochote walichokikuta, na kwa vile kilifanya kazi katika 1.0, 1.0.1, 1.0.2, 1.0.3 na 1.0.4, walihesabu kwamba kitaendelea kufanya kazi. Kisheria, kama naweza kusema hivyo, hawakuwa na haki ya kulalamika. Kwa mtumiaji wa kawaida sheria hiyo haikuwepo: alisasisha kivinjari ili awe salama, na kiendelezi alichokitegemea kikakata kauli.

Hapa ndipo naona kiini cha kisa. Programu zilizoshiriki msimbo hazikuwa zimeshiriki makubaliano kuhusu msimbo huo, yaani nani anaruhusiwa kutegemea nini, kwa muda gani, na nani ataarifiwa kabla mambo hayajabadilika. Bila makubaliano hayo, kila toleo la usalama linakuwa pia jaribio la utangamano, na hata mhandisi mwangalifu kiasi gani hawezi kujua atavunja nini mpaka avunje.

Waliolipa gharama hawakuwa sawa. Msomaji wa Kiingereza alipata 1.0.5 siku ya kwanza, akapata tatizo la viendelezi, kisha akapata 1.0.6. Msomaji wa lugha nyingine, ambaye toleo lake lilisimamishwa, alibaki na 1.0.4 wakati matangazo ya kasoro zake yalikuwa tayari hadharani kwa kila mwenye nia mbaya kusoma. Kusimamisha kulikuwa na mantiki, kwani hakuna maana ya kusambaza kitu ambacho unajua kitabadilishwa baada ya siku chache. Lakini mantiki hiyo iliwaacha wazi watu ambao hawakuulizwa, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote yaliyotokea wiki ile.

Tukumbuke pia namna kusasisha kulivyokuwa. Usasishaji wa vipande vidogo vinavyoshuka vyenyewe ulikuja na Firefox 1.5. Kabla ya hapo, mwenye Firefox 1.0.4 alipakua kisakinishi kizima cha karibu megabaiti 5, akakisakinisha juu ya kilichokuwepo, kisha wiki iliyofuata akarudia yote kwa ajili ya 1.0.6. Kwa muunganisho wa simu wa kilobiti 56 kila upakuaji ulichukua zaidi ya dakika kumi hata laini ikiwa safi, na anayetumia Thunderbird pia alihesabu upakuaji wa pili kwa kila raundi. Hadi mwisho wa Aprili mwaka huo Firefox ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 50. Usumbufu mdogo ukizidishwa kwa idadi kama hiyo si mdogo tena.

Wasambazaji wa Linux walikuwa na shida ya aina yao. Debian ilikuwa imetoa toleo lake la sarge mwezi Juni 2005 likiwa na Firefox 1.0.4, na desturi ya Debian ni kutobadilisha toleo la programu katika mfumo ulio imara, bali kurudisha viraka vya usalama kwenye toleo lililopo. Kwa programu ambayo viraka vyake vinagusa mpaka wa ndani kabisa, kazi hiyo ni ngumu kupita kiasi, kwa sababu kiraka kinategemea viraka vingine vilivyotangulia. Tena kulikuwa na programu kama Epiphany na Galeon, vivinjari vya GNOME (mazingira ya dawati ya Linux) ambavyo havikuwa na injini yao, bali viliunganishwa moja kwa moja na Gecko iliyokuja na Mozilla Suite. Msambazaji aliyesasisha Mozilla alilazimika kuvijenga upya na hivyo vingine ili viendelee kusimama. Wapangaji wanaotumia mita moja ya umeme wanaijua hali hii: uamuzi wa mmoja unazima taa za wote.

Sasa tuitazame Thunderbird peke yake, kwa sababu nambari zake zinasimulia jambo ambalo matangazo hayakulisema. Firefox ilipitia 1.0.1, 1.0.2, 1.0.3, 1.0.4 na 1.0.5. Thunderbird ilitoka 1.0, ikarukia 1.0.2, kisha ikarukia 1.0.5. Hakuna 1.0.1, wala 1.0.3, wala 1.0.4. Nambari zilipangwa kufuata kivinjari, na baruapepe ilipopata nafasi ya kutoka ilivaa nambari ya siku hiyo. Sababu ya kiufundi ilikuwepo: Thunderbird huzima JavaScript ndani ya barua, na kasoro nyingi za kivinjari zilihitaji JavaScript ili zitumike vibaya, hivyo hatari kwa mtumiaji wa baruapepe ilikuwa ndogo zaidi. Naikubali hoja hiyo. Nisichokikubali ni kwamba mtumiaji aliachwa ajifanyie hesabu mwenyewe. Aliyesoma kwamba kasoro imezibwa katika Firefox 1.0.3, naye ana Thunderbird 1.0.2 yenye injini ile ile, hakuwa na njia rahisi ya kujua kama ukimya ule ulimaanisha kwamba yuko salama au kwamba zamu yake haijafika.

Jambo hilo hilo lilijirudia mwaka uliofuata. Firefox 1.5.0.1 ilitoka tarehe 1 Februari 2006. Thunderbird haikuwa na 1.5.0.1 kabisa, na sasisho lake la kwanza baada ya 1.5 lilikuwa 1.5.0.2 la mwezi Aprili.

Nyuma ya matoleo haya madogo kulikuwa na ucheleweshaji mkubwa zaidi. Toleo kubwa lililofuata la Firefox lilipangwa kuitwa 1.1 na kutoka katikati ya 2005. Mwezi Julai, wakati ule ule wa vurugu za 1.0.5, jina lilibadilishwa kuwa 1.5, kwa hoja kwamba mabadiliko yaliyomo yamepita kiwango cha toleo dogo. Beta ya kwanza ilitoka Septemba, ya pili Oktoba, na Firefox 1.5 yenyewe tarehe 29 Novemba. Ni kweli kwamba toleo hilo lilikuwa na mengi, yakiwemo usasishaji wa vipande vidogo, michoro ya SVG na kurudi nyuma haraka kwenye kurasa zilizokwisha funguliwa. Lakini mhandisi anayerudisha viraka kwenye Aviary na kwenye 1.7 hayuko kwenye shina akimalizia Gecko 1.8, injini ya toleo hilo jipya. Kila wiki iliyotumika kutengeneza matoleo ya zamani ilitoka kwenye mfuko ule ule wa watu wachache, na toleo jipya likisogea mbele, matoleo ya zamani yanahitaji kutunzwa kwa muda mrefu zaidi. Ni mduara, na hutoki ndani yake kwa kuwahimiza watu wafanye kazi kwa bidii zaidi.

Septemba ilileta mfano wa kulinganisha. Mtafiti Tom Ferris alitangaza hadharani kasoro katika ushughulikiaji wa majina ya tovuti yenye herufi za kimataifa: jina lililojaa vistari laini, yaani alama za kukatia neno zisizoonekana, liliweza kuifanya programu iandike nje ya nafasi yake katika kumbukumbu. Msimbo huo nao ulikuwa wa pamoja. Safari hii, kabla ya toleo jipya kuwa tayari, Mozilla iliwaambia watumiaji wazime mpangilio wa network.enableIDN, kwa mkono au kwa kiraka kidogo kilichoubadilisha. Firefox 1.0.7 ilifuata baada ya wiki mbili hivi, na Thunderbird 1.0.7 mwishoni mwa mwezi. Nafuu ya muda haikuwa kamili, kwani ilizima kabisa majina ya tovuti yenye herufi zisizo za Kiingereza, na tunarudi kwa watu wale wale walioachwa Julai. Hata hivyo ilitenganisha mambo mawili ambayo Julai yaligandana, yaani kumlinda mtumiaji leo na kumpa toleo lililopimwa kikamilifu kesho. Pale ambapo kasoro inaweza kuzimwa kwa mpangilio mmoja, siku za upimaji zinapatikana bila kumweka mtu hatarini. Kasoro ya mnyororo wa urithi ya Julai haikuwa ya aina hiyo. Njia iliyo karibu nayo ilikuwa kuzima JavaScript yote, jambo ambalo watu wachache wangelivumilia hata mwaka 2005.

Kilichotokea katika miaka iliyofuata kinathibitisha kwamba wiki ile ya Julai haikuwa ajali. Thunderbird 1.5 ilitoka Januari 2006, wiki kama sita baada ya Firefox 1.5. Firefox 2 ilitoka tarehe 24 Oktoba 2006 na Thunderbird 2 tarehe 18 Aprili 2007, takriban miezi sita baadaye. Firefox 3 ilitoka tarehe 17 Juni 2008. Thunderbird 3 ilitoka tarehe 8 Desemba 2009, karibu miezi kumi na minane baadaye. Katikati ya kipindi hicho, Oktoba 2007, wahandisi wakuu wawili wa Thunderbird, Scott MacGregor na David Bienvenu, waliondoka Mozilla, na mwaka 2008 ikaanzishwa kampuni tanzu ya Mozilla Messaging ili kuisimamia baruapepe.

Pengo la mwisho ndilo lililouma kuliko yote. Firefox 2 iliacha kupata marekebisho Desemba 2008, na pamoja nayo kivinjari kikaacha kuitunza Gecko 1.8.1. Lakini Thunderbird 2 ilikuwa juu ya injini hiyo hiyo, nayo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa watu kwa mwaka mzima uliofuata. Kazi ya kurudisha viraka kwenye injini ambayo mwenye nguvu ameshaihama iliwabakia wenye watu wachache: timu ya baruapepe, watunzaji wa SeaMonkey 1.1 (mrithi wa Mozilla Suite) na wasambazaji wa Linux. Na Thunderbird 3 ilipofika hatimaye, ilitumia Gecko 1.9.1, ile ya Firefox 3.5, huku Firefox 3.6 ikiwa imebakiza wiki chache tu itoke. Ilikuwa imefika kituoni wakati gari linajiandaa kuondoka tena.

Ufumbuzi wa kweli, kwa kadiri ulivyopatikana, ulikuja kutoka upande ambao haukukusudiwa kwa ajili ya baruapepe. Firefox ilipohamia mwaka 2011 kwenye utaratibu wa kutoa toleo jipya kila wiki chache, mashirika na ofisi zilishindwa kuufuata mwendo huo, na kuanzia Firefox 10 mwaka 2012 kukawa na toleo la msaada wa muda mrefu, linalotunzwa kwa karibu mwaka mmoja kwa marekebisho ya usalama pekee. Thunderbird ikajifunga kwenye toleo hilo. Kwa mara ya kwanza programu ndogo ilipata injini ambayo tarehe yake ya kuanza na ya kuisha inajulikana mapema, na ambayo mwenye nguvu ana sababu zake mwenyewe za kuitunza.

Nikirudi kwenye Julai 2005 kama mchambuzi, sioni kosa katika kuharakisha 1.0.5, kwa sababu kasoro zilikuwa za hatari na zilistahili haraka. Ninachoona kimekosekana ni mambo mawili ambayo yangewezekana kwa nguvu zilizokuwepo. La kwanza ni orodha fupi ya viendelezi vinavyotumika zaidi, ambavyo waandishi wao wangepewa toleo la majaribio siku mbili au tatu kabla, hata kwa siri. La pili ni ukurasa mmoja kwa kila kasoro unaotaja Firefox, Thunderbird na Mozilla Suite kwa majina, ukieleza kwa kila moja kama imeathirika, kwa mpangilio gani wa kawaida, na sasisho lake litatoka lini, hata kama jibu la Thunderbird ni kwamba JavaScript ikiwa imezimwa mtumiaji anaweza kusubiri mpaka 1.0.5.